Papa wa Festivali ya Mto
Papa, ndivyo akina mama wanavyomwita bwana anayetayarisha festivali ya mto, hufika kutoka mjini Bunia kwa pikipiki, viatu viking'aa, karatasi ya mchoro kwapani. Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu anayemjulia hali mgonjwa. Kila asubuhi huwauliza akina mama wanaofua swali lilelile: “Mama, watalii watavukia wapi?” Nadège, ambaye hamwamini hata kidogo, humjibu, “Sijui, papa.” Anajua sana. Chini ya maji yale ya matope kuna mstari wa mawe unaopinda mara mbili, na walioujua ni watu wa kijiji cha ng'ambo peke yao, kabla vita haijawatawanya. Juu ya mawe hayo ndipo alipopita yeye mwenyewe akikimbia vita. Papa huandika “Sijui” daftarini, taratibu, kama neno la maana.

Jana upepo ulimpokonya mchoro ukautupa ng'ambo. Akaukimbilia na viatu vyake, akapinda kushoto, akapinda kulia, hata chini hakutazama. Aliporudi alikuwa amelowa vifundoni tu. Nadège akaacha kufua.

“Papa, weye iko mutoto wa nani kule ng'ambo?”

Akafungua daftari, akalifunga.

“Sijui, mama.”

Nadège akakusanya nguo zake zikiwa bado na povu la sabuni, akaondoka upesi.