Rimoti ya Baba na Kidole Gumba

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Katika duka langu la kutengeneza kompyuta pale Hai Jalaba, hapa Juba, mteja akiniuliza jambo moja mara tatu, ya tatu namjibu kwa sauti ya kufukuzia mbuzi. Dukani wamenizoea, wanacheka tu. Nyumbani Buluk nilikuwa na mtu mmoja wa kumfokea, baba yangu, na yeye hakuwa wa kufokewa. Kiharusi kilikuwa kimempiga, upande wa kulia wote ukalala.

Wote isipokuwa kidole gumba. Daktari wa mazoezi alikishika, akakikunja, akakikunjua, kisha akanitazama mimi badala ya mgonjwa. "Kipe kazi," akasema. "Kazi ya kweli, kila siku. Kikizoea kazi, vingine vitakifuata. Kikiachwa kilale, mkono wote utalala nacho." Nililishika neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Kazi ya kweli haikunisumbua kuitafuta. Baba anapenda mieleka kupita kiasi, ile ya vijana wetu wanaoangushana vumbini huku ngoma zikilia. Nilikuwa na video zake nyingi kwenye kompyuta. Nikanunua kipokezi, kijidude cheusi unachokichomeka kwenye kompyuta, chenye jicho la kupokea ishara za rimoti. Baba angelala kitandani, abonyeze, mpambano uanze; abonyeze tena, uje mwingine. Kipokezi kilikuja na rimoti yake, nyembamba kama biskuti, vitufe kama punje za simsim. Kidole cha baba kilikanyaga vitatu kwa mpigo. Akaitupa.

"Leta yangu," akasema kwa ule ulimi wake mzito.

Yake ilikuwa rimoti ya televisheni tuliyoiuza Arua siku tunarudi kutoka ukimbizini. Televisheni ilibaki Uganda, rimoti ikaja Juba ndani ya mfuko wa vyeti. Sisi watu wa kurudi ndivyo tulivyo: tunauza mlango, tunabeba kufuli. Nilikuwa nimemcheka miaka yote kwa kuitunza. Lakini vitufe vyake ni vikubwa, na ingawa maandishi yamefutika zamani, baba anavijua kwa kupapasa tu.

Kompyuta haikuijua, bila shaka. Ilibidi niifundishe. Unafungua programu, unabonyeza kitufe, kompyuta inaandika ishara yake. Unabonyeza kinachofuata, nacho kinaandikwa. Kila kitufe mara moja, umemaliza. Nikajaribu kama ninavyojaribu kila kitu, tu-tu-tu, haraka haraka, na wanamieleka wakapita kwenye kioo mmoja baada ya mwingine. "Kwes!" nikajisifu.

Baba habonyezi hivyo. Miaka mingi aliendesha lori barabara ya Nimule, na hata ufunguo wa gari aliuzungusha mara moja tu, kisha akangoja. Alikusanya nguvu zake zote kwenye kile kidole, akabonyeza. Mpambano ukaanza. Akacheka! Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka. Akabonyeza mara ya pili, kimya. Ya tatu, ikakubali. Ya nne, wapi.

Nikaanza kusaka kosa. Nilibadilisha betri. Nilishusha pazia, maana jua kali huyapotosha macho ya aina hiyo. Nilifuta jicho la kipokezi kwa spiriti, nikakihamishia tundu jingine. Nilielekeza rimoti kwenye kamera ya simu, na kila nilipobonyeza taa yake ilimetameta vizuri kabisa. Baada ya kila jaribio nilibonyeza mwenyewe, tu-tu-tu, na kitu kilitembea. Nikimrudishia baba, mara inakubali, mara inagoma. Siku ya nne hivi nilikuwa nimechoka, nimechelewa dukani, na nilikuwa nimeshakagua kila kitu isipokuwa yeye.

"Baba, mashine ni nzima!" nikafoka. "Ni wewe! Unabonyeza kama mtu anayeogopa kuungua. Kaza kidole, eeh!"

Hakubisha. Laiti angebisha! Lakini huyu ni mtu aliyewafundisha utingo wake wote neno moja: "Gari haina kosa, dereva ndiyo iko na kosa." Alijaribu tena, uso ukitoka jasho, na ikagoma. Akautazama mkono wake muda mrefu. Kisha akaichukua rimoti kwa mkono wa kushoto, akanikabidhi.

"Mkono imekufa," akasema. "Khalas."

Nikaipanga kompyuta icheze video zote mfululizo bila kubonyezwa. Nikaenda kazini moyo mwepesi, Mungu anisamehe, kwa sababu sasa asubuhi zangu zilikuwa tulivu.

Wiki tatu zilipita. Siku moja adhuhuri nilipeleka kioo cha kompyuta ya mteja mtaa wa Sherikat, kwa fundi mmoja wa televisheni, Mganda mtu mzima anayefanya kazi huku anapiga soga. Nikamsimulia habari ya rimoti ya Arua kama kichekesho. Akaweka bisibisi chini.

"Dada, inakubali moja, inakataa moja?"

"Ndiyo. Mzee hana nguvu."

"Nguvu gani? Rimoti za zamani zingine ziko hivyo. Zina ishara mbili kwa kila kitufe. Ukibonyeza inatuma ya kwanza, ukibonyeza tena inatuma ya pili, ili televisheni ijue umerudia, hujashikilia tu. Wewe uliifundisha kompyuta ngapi?"

Moja. Kila kitufe mara moja. Mimi niliyebonyeza tu-tu-tu nisingeona kosa, kwa sababu katika mibonyezo yangu mitatu lazima mmoja ungeingia. Aliyebonyeza vizuri, mara moja, kwa adabu, ndiye aliyegomewa. Sikukumbuka hata kumuaga yule fundi. Nilipanda bodaboda nikamwambia dereva akimbie.

Nyumbani nikaifundisha kompyuta ishara ya pili. Ilinichukua dakika chache tu, na hizo dakika ziliniuma kuliko wiki zote tatu. Nikabonyeza mara moja, nikangoja. Ikakubali. Nikarudia mara kumi, zote zikakubali. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, kidole chako kilikuwa kizima. Kilikuwa kinabonyeza sawasawa. Kosa lilikuwa langu."

Alinitazama kama anayesikia habari za mtu mwingine. "Kila siku?" akauliza.

"Kila siku, Baba."

Nikamkunjua vidole, vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani na vilikuwa vigumu, nikamwekea rimoti. Nikakilaza kidole gumba juu ya kitufe. Akavuta pumzi. Mishipa ya shingo ikamsimama. Kidole kilitetemeka, tena kidogo sana, kisha kikatulia. Akajaribu tena. Nilikuwa nakiambia kimoyomoyo, shuka, shuka, tafadhali shuka. Hakikushuka.

Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akanishika kichwani.

"Malesh, binti yangu," akasema. Aliniomba msamaha mimi.