Friji ya Mafuta ya Taa na Macho ya Nyanya

Juzi binti yangu alinunua friji. Anakaa Tassia, ghorofa ya nne, na vijana wawili waliipandisha ngazi zile nyembamba wakihema, wakaitua jikoni, na mjukuu wangu mkubwa akanyoosha mkono moja kwa moja kuichomeka ukutani. Nikamwambia aache. Nikamwambia friji iliyosafiri huachwa isimame itulie kwanza, tena isisukumwe hadi ukutani, ipewe nafasi ya kupumua mgongoni. Wote wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye ninayeomba nisaidiwe hata kupokea simu. Mjukuu akauliza nani alinifundisha mambo hayo. Nikamjibu ni baba yangu, kisha nikaomba chai ili tubadilishe mazungumzo. Lakini wewe tumejuana siku nyingi, na wewe nitakueleza yote.

Miaka ile ya hamsini tulikuwa tukikaa Ziwani, kwenye nyumba za baraza la mji. Tulikuwa na chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia, na jiko dogo nyuma. Asubuhi uliamshwa na ndoo zikigongana pale mferejini, na harufu ya mahamri kutoka kwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mama Mswahili mzaliwa wa Majengo, ambaye mchana alishona kofia barazani na asubuhi alitupa kila mtoto hamri moja kana kwamba ni haki yetu. Kwetu tulikuwa watu wa Magharibi mwa nchi, watu wa ugali na mrenda na kanisa la Jumapili, lakini mahamri yale tuliyajua kuliko Zaburi. Stima ilikuwa ya watu wa upande mwingine wa mji. Sisi tulikuwa na karabai moja, na siku nyingi koroboi.

Baba alikuwa karani kwenye godauni moja kule viwandani. Bwana wake alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia friji, moja ya zile zilizotumia mafuta ya taa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuibeba. Ilikuja kwa mkokoteni Jumapili mchana, imesimama wima, imezungushiwa magunia, na Baba akitembea ubavuni ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Alikuwa ameonywa isilazwe. Nusu ya mtaa ilifuata nyuma.

Usiku ule haikuwashwa. Baba alisema ni lazima ipumzike siku nzima, maji yaliyomo mwilini mwake yarudi mahali pake. Sakafu yetu ya saruji ilikuwa imeinamia mlangoni, basi akaweka bakuli la maji juu ya friji, akachuchumaa kuangalia maji yanaegemea wapi, akachonga vipande vya mbao na kuvipachika chini ya miguu hadi maji yakatulia. Akapima shubiri moja na nusu kutoka ukutani. Dirisha la juu yake akaliondoa kioo kimoja, kwa sababu moto ule ulihitaji hewa nasi pia tulihitaji hewa. Kesho yake jioni, mbele ya majirani, akanipa kijitabu kilichokuja nayo nisome.

Baba alijua Kiingereza kuliko mimi, bila shaka. Lakini nilikuwa darasa la nne, msichana, na alitaka watu wasikie. Nikasoma sentensi moja moja na kuifasiri. Usijaze mafuta wakati moto unawaka. Utambi ukatwe sawasawa, na mwali uwe wa buluu. Ukiona wa manjano, moshi unakuja. Usiweke chakula cha moto ndani. Na mwisho, kwenye ukurasa uliokuwa na picha ya kisu kilichopigwa mstari mwekundu: barafu ikiganda usiichokonoe kwa kitu chenye ncha, zima moto, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe, maana nyuma ya ukuta huo mna mabomba, na ndani ya mabomba mna dawa kali inayoweza kumdhuru mtu. Nilisoma kwa sauti, nikarudia kwa lugha ya kwetu ili nyanya naye aelewe. Watu wakanipigia makofi. Nakueleza haya ili ujue kwamba katika nyumba ile hakuna aliyeijua kanuni hiyo kunishinda mimi.

Nyanya alikuwa mamake Baba. Alikuja kwetu kwa sababu ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho moja kabisa na la pili lilikuwa linafuata, na daktari wa hospitali kubwa alikuwa amempa siku ya kupasuliwa, mwezi uliofuata. Alilala karibu na friji kwa sababu ya joto la ile taa yake. Ilimstaajabisha kuliko sisi sote. Alikuwa akisema kwao moto huzaa majivu, lakini huku kwa mwanawe moto unazaa barafu. Mimi aliniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na mchana alipokuwa akimbembeleza ndugu yetu mchanga mgongoni alinisimulia mambo ya ujana wake ambayo Mama alisema hayanifai.

Basi friji ikatufanya watu wakubwa. Maji baridi yaliombwa nyumbani kwetu kutoka nyumba ya kumi. Na jirani yetu alipotangaza arusi ya binti yake, Baba mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia asihangaike kuchinja alfajiri ya siku yenyewe. Achinje Jumamosi, alete nyama kwetu, ilale kwenye baridi, Jumapili wapike pilau bila haraka. Jirani alisitasita. Alisema nyama ya arusi ni amana. Baba akacheka, akasema hata Ulaya wanafanya hivyo hivyo.

Jumamosi asubuhi nyama ililetwa kwenye sufuria mbili kubwa, imefunikwa vitambaa vyeupe. Baba akazipanga ndani, akafunga mlango, akaenda kazini. Mama akashuka Gikomba kununua mboga. Nikabaki mimi, nyanya na mtoto.

Kulikuwa na binti wa mwalimu pale mferejini ambaye wiki nzima alikuwa akisema kwetu hakuna barafu, ni maji ya mtungi tu. Nilikuwa nimewaahidi wasichana wote kipande kimoja kimoja siku hiyo, ili nimnyamazishe. Nikafungua friji. Kile kisahani cha barafu kilikuwa kimegandamana na ukuta. Barafu ilikuwa imekizunguka kama simiti. Nikakivuta, kikakataa. Nikachukua kisu cha jikoni.

Nyanya alikuwa amekaa kitandani na mtoto amelala mapajani mwake. Alisikia droo.

"Unafanya nini na hicho kisu, mke mwenzangu?"

"Nakata mkate, Nyanya."

Hatukuwa na mkate siku ile, naye alijua. Nikachokonoa pembeni mwa kisahani, mara mbili, mara tatu, na mara ya nne kisu kikazama mahali laini. Nikasikia mlio kama nyoka. Harufu ikanipiga usoni, kali kuliko nepi zote za mtoto zilizokusanywa pamoja, ikaniingia machoni na kooni. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimekisoma kwa lugha mbili mbele ya watu. Nikanyakua barafu iliyokuwa imekatika, nikausukuma mlango wa friji, kisu kikaanguka sakafuni, nikakimbia nje. Sikumwambia nyanya atoke.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo huwa naruka ninapojisimulia mwenyewe. Nilikwenda mferejini. Nikagawa barafu. Wasichana walikuwa wakiruka na kuirusha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, binti wa mwalimu akatia kipande chake mdomoni na kufumba macho, nami nikasimama katikati yao kama bibi arusi. Huenda zilikuwa dakika tano. Niliona raha. Sijui nitaliweka wapi neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha jirani akapiga kelele. Tulipofika, nyanya alikuwa amepiga magoti nje ya mlango, mtoto amefungwa leso hadi kichwani na kukandamizwa kifuani mwake, na yeye mwenyewe anakohoa hadi anatapika. Alikuwa ameutafuta mlango kwa kupapasa ukuta, ndani ya hewa ile. Machozi yalimtoka kama aliyemwagiwa pilipili. Jirani alilowesha kanga, akajifunga puani, akaingia, akazima moto, akafungua kila kilichofunguka. Mtoto alilia, na kulia kwake kukawa ndiyo furaha ya watu wote waliokuwepo.

Baba aliporudi, harufu ilikuwa bado inauma. Alifungua friji, akafunua sufuria moja, akainusa nyama, akaifunika. Akaokota kisu. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, jirani yetu mbele yao. Wasichana wa mferejini walikuwepo pia, lakini barafu ilikuwa imekwisha mikononi mwao, na siku zile watu wazima hawakuuliza watoto. Baba akamgeukia nyanya.

"Mama, ni wewe uliyeshika kisu?"

Nyanya aliinua uso kunielekea. Hakika hakuniona, nilikuwa nimejificha nyuma ya Mama, lakini uso wake ulikuja pale pale niliposimama na ukakaa hapo. Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa na muda mwingi.

"Mimi sioni vizuri, mwanangu," akasema. "Pengine ni mimi."

"Umetuaibisha, Mama," Baba akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Jirani ndiye aliyeanza kumtetea, akasema Mungu ameokoa watu na nyama ni nyama tu. Arusi ilifanyika, wali uliliwa kwa maharagwe na kuku wachache waliokimbiliwa Majengo. Baba hakwenda. Alikaa ndani siku nzima, shati la arusi limetundikwa msumarini. Baadaye alimpelekea jirani mbuzi, naye jirani akampokea kwa heshima, lakini mahamri ya asubuhi hayakuwa tena kama zamani. Tulipewa, ila tulipewa kama wageni.

Nyanya aliomba kurudi nyumbani wiki ile ile. Alisema arudishwe kabla hajavunja kingine. Mama alimkumbusha Baba kuhusu daktari. Baba akasema macho yatangoja, atamrudisha baada ya mavuno. Nadhani hata yeye aliona haya, haya ya neno alilomwambia mamake mbele za watu, na alitaka lile neno liondoke pamoja naye. Tulimsindikiza hadi stesheni. Baba na Mama walipokuwa wakipandisha mizigo ndani ya gari la moshi, nyanya aliupapasa mkono wangu akaushika. Aliinama karibu.

"Mkate ulikuwa mtamu, mke mwenzangu?"

Aliuliza polepole, bila hasira, kama anayetaka kujua kweli. Nikalia. Akanipangusa kwa ncha ya leso yake, akaniambia nikamtunze mtoto. Baba aliporudi akadhani nalia kwa kuachana.

Mavuno yalikuja, na mengine baada yake. Kila mara kulikuwa na sababu: kibali cha kusafiri, karo, mtoto mwingine. Nilipomwona tena nilikuwa na miaka kumi na minne, na nyanya alikuwa kipofu kabisa. Alikuwa akitambua mahindi yaliyooza kwa kuyagusa, akitambua watu kwa nyayo zao. Nilikaa naye likizo nzima. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitamwambia, tena nitamwambia mbele ya Baba, na kila jioni nilikuwa nimemsimulia jambo jingine. Alikufa mwaka uliofuata, katikati ya muhula, nami sikuruhusiwa kwenda.

Friji haikufufuka. Baba aliitoa tangi, akaifanya kabati ya vyombo, na rafu ya chini akanipa mimi niweke vitabu vya shule. Nyumbani kwetu kukazuka msemo. Aliyeangusha kikombe, aliyekata kamba ya redio, aliyeunguza pasi, aliambiwa amefanya ya nyanya. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye, ambao hawakumwona hata siku moja, walimjua kwa hilo tu. Nami nilikuwa nikisema hivyo pia. Nilimwambia hata mume wangu, siku aliyovunja kioo.

Nimepita Ziwani si muda mrefu. Mfereji ule wa wote haupo. Jirani alikwishatangulia zamani, barazani kwake mtu anauza kadi za simu. Baba naye alizikwa kando ya mamake, bila kujua.

Mwaka jana, kwenye matanga ya dada yetu, tulikaa ndugu wote tuliobaki, na nikaona kwamba nisiposema siku ile sitasema tena. Nikawaeleza kila kitu, kisu, mkate, mferejini. Kisha yule mdogo wetu, yule mtoto aliyetolewa ndani ya leso, sasa mzee mwenye fimbo, akapiga goti lake na kusema, "Kumbe ni wewe, Dada," akaangua kicheko. Wengine wakacheka hadi wakafuta machozi, mmoja akasema basi tuanze kusema amefanya ya dada, kisha mtu akauliza kama chai imebaki.

Nilitafuta kati yao mtu mmoja wa kuniambia nilikosea. Wote waliomwona nyanya amepiga magoti nje ya mlango walikuwa wamekwisha kufa, isipokuwa mimi na yeye aliyekuwa kwenye leso. Nikashika kikombe changu, nikacheka pamoja nao.