Pengo la Kambare

Wenzake walimwita Kambare kwa sababu riziki yake ilikuwa topeni. Chini ya bwawa linalopeleka maji mjini kuna mdomo wa bomba wenye nondo kama dirisha la mahabusu. Hapo hukwama magugu, matambara, na siku moja kiti cha plastiki chenye miguu yake yote minne. Kambare ndiye aliyeshuka kuvitoa, mtungi wa hewa mgongoni, akipapasa kwa vidole, maana kule chini macho ni mzigo tu. Juu, kwenye jukwaa la mbao linaloelea, mtu alishika kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Mvuto mmoja kutoka juu ni swali: u mzima? Mvuto mmoja kutoka chini ni jibu: mzima.

Ndani ya maji alikuwa mtulivu kama gogo. Nchi kavu alikuwa kiguu na njia. Nimewaona watu wa namna hiyo kwenye vituo vya mabasi vya miji mingi, wanaosimama kabla gari halijasimama. Kambare alikunywa chai akitembea. Aliunga foleni, akaiacha, akaiunga tena nyuma zaidi. Na alikuwa na tabia moja iliyotokana na kazi. Mzamiaji akishuka, maji humbana masikio. Hapo hubana pua kwa vidole viwili, akafunga mdomo, akapuliza mpaka masikio yazibuke. Mkono wa Kambare ulikuwa umeifanya kazi hiyo miaka mingi hata haukungoja maji tena. Akishuka ngazi, alibana pua. Akikasirika, alibana pua. Mkewe, fundi cherehani anayeshona nyumbani, alikwisha kuacha kuisikia sauti ya kupuliza huko, kama mtu anayekaa karibu na mashine ya kusaga.

Kisha gego la juu likaoza, na daktari wa meno akaling'oa.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye mikono mikubwa. Alimwonyesha mizizi ya lile jino ndani ya kisahani.

"Unaona ilivyo mirefu? Juu yake kuna uwazi wa hewa, ndani ya mfupa wa shavu. Ukuta uliokuwa katikati ni mwembamba kama ganda la yai, na umetoboka. Kitundu kidogo tu. Ukikiacha, kitaziba chenyewe."

"Na nisipokiacha?"

"Kitageuka mlango. Utakunywa maji yatokee puani. Ukizama, hewa itapita humo kila unaposhuka na kila unapopanda, na uchafu wa bwawa uifuate. Hapo itabidi nishone, na mshono ukikataa, utafute kazi ya nchi kavu."

Kazi ya nchi kavu. Kambare alihisi viatu vimembana ghafla.

"Kwa hiyo wiki sita usizame," daktari aliendelea. "Usipenge kamasi kwa nguvu. Ukipiga chafya, achama. Usinyonye kitu kwa mrija. Usisukume hewa puani kwa namna yoyote."

Katika maneno yote hayo, alilolibeba mpaka nyumbani lilikuwa moja: usizame.

Na hakuzama, kwa kweli. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyeshuka badala yake. Kambare alibaki nyumbani akawa balaa. Alitengeneza mlango ambao haukuwa mbovu, nao ukaanza kulia. Alihamisha kabati, akalirudisha. Alikwenda stendi kutazama mabasi yakiondoka, akarudi na vumbi miguuni, akapanda ngazi, akashuka ngazi.

"Baba Mapacha," mkewe alimwambia, sindano mdomoni, "hata kuku akitaka kutaga hutulia kidogo."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Hicho kiti hakijakujua bado."

Wiki sita zilipokwisha walikwenda kwa daktari pamoja. Kambare alikuwa na furaha ya mtu aliyetimiza ahadi. Akalala kwenye kile kiti kirefu, akaachama. Daktari akaingiza kioo, akachungulia, akakigeuza, akachungulia tena.

"Umezama wewe."

"Haki ya Mungu sijazama. Muulize huyu."

"Hajazama, daktari," mkewe alisema. "Siku hizi hata kuoga anaoga kwa kopo."

"Basi sielewi. Tundu liko wazi, tena limepanuka. Kuna kitu kinasukuma hewa humo kila siku."

Kambare alitazama dari. Kazi ya nchi kavu. Alijiona nyuma ya meza, alijiona akilinda geti. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, ukabana pua, naye akapuliza.

Fyuuu.

Wote watatu waliisikia, sauti nyembamba ya tairi la baiskeli lililochomwa na msumari. Daktari akaweka kioo chini.

"Ndicho hicho," mkewe alisema taratibu. "Anakifanya mchana kutwa. Ngazini, mlangoni, akiwaza. Nami nakaa naye chumba kimoja nisisikie."

"Nimefanya nini?"

"Mkono wako uko wapi, mume wangu?"

Ulikuwa bado puani.

Daktari alimpa wiki sita nyingine, za mwisho kabla ya kushona. Alipowafungulia mlango alimwambia mkewe, siyo yeye, "Huo mkono utafutiwe kazi."

Ukatafutiwa. Kambare alishikishwa ncha za vitambaa vikikatwa, alikunja mashuka, alikung'uta mikeka. Mapacha, wasichana wawili waliokuwa wameanza shule mwaka ule, walipewa ruhusa ambayo mtoto haipati mara mbili maishani, ya kumkemea baba yao. "Baba, mkono," mmoja angesema bila kuinua macho kwenye daftari. "Baba, mkono," mwingine angeitikia kutoka jikoni, hata kabla hajaona. Alitoka nje kwa hasira, na huko nje, peke yake, mkono ulipanda tena. Aliukamata mdomoni kabisa, kama mwizi dirishani. Mazoea yana taabu.

Siku moja shemeji yake akaja. Mshika kamba alikuwa na homa.

"Njoo unishikie, shemeji. Ni kazi ya kusimama tu."

"Sijawahi kusimama."

"Ndiyo nasema uje ujifunze, mzee mzima wewe."

Kambare hakuwahi kuwa upande ule wa kamba. Shemeji yake alipotoweka chini, yakabaki mapovu, naye akaanza kutaabika. Akavuta: u mzima? Ikajibiwa. Akahesabu mapovu, akavuta tena. Ikajibiwa. Akavuta tena. Kabla jua halijasogea, maji yakapasuka na kichwa cha shemeji yake kikatokea, magugu sikioni.

"Kuna moto huku juu?"

"Hakuna."

"Kuna mamba?"

"Mamba wa wapi hapa?"

"Basi niache nifanye kazi. Kila nikishika gugu, unaniuliza hali. Dada yangu tulikuoza tukijua una haraka, hatukujua kama ni ugonjwa."

Akazama tena. Kambare akaishika kamba kama inavyotakiwa, mkono mmoja ukilegeza, mwingine ukisikiliza. Aliusikia uzito wa mtu akipinda, akisukuma, akipumzika. Woga ulimpanda vilevile, na mkono wa kulia ukataka kwenda puani. Haukuweza. Ukiiachia kamba umemwachia mtu. Mahangaiko yakashuka miguuni, mbao za jukwaa zikalia chini yake asubuhi nzima, lakini mikono haikutoka kambani.

Kesho yake alikwenda bila kuitwa. Mshika kamba alipopona, Kambare alimwomba azidi kuugua kidogo.

Kwa daktari, mara ya tatu, kioo kiliingia na kutoka.

"Naona ngozi. Sasa bana pua, upulize. Polepole."

Mkono wa Kambare ulikuwa juu ya paja. Haukuondoka.

"Uliniambia nisifanye."

"Sasa nakwambia ufanye."

"Fanya bwana," mkewe alisema, "watu wanangoja nje."

Akabana. Akapuliza kama anayepoza uji wa mtoto. Mkewe alikuwa ameinama mbele, mkoba kifuani. Hapakuwa na fyuu. Masikio yalifanya pa, mawili pamoja, basi.

Daktari akamwongezea wiki mbili za kungoja, na Kambare akazingoja kambani. Siku aliyorudi majini, shemeji yake alidai kushika yeye. Kambare akateremka ngazi ya chuma, maji yakamfika masikioni, yakamfunika, yakaanza kubana. Akabana pua, akapuliza kidogo, akasikiliza shavu lake. Kimya. Akaendelea kushuka mpaka vidole vikagusa nondo.

Hapo kamba ikavutwa. Akajibu. Akashika gugu, kamba ikavutwa. Akajibu. Akalishika tena, ikavutwa. Safari hii akaacha jibu likae kidogo, amsikie mwenzake akihangaika kule juu, halafu akavuta mara moja.