Mkwe, Kanga na Makinda ya Shakwe

Evodia wa Shelui anauza chai na chapati pale malori yanapolala. Mwulize habari za chai, atakujibu kwa mkato; mwulize habari za shakwe, uone kama utaondoka! Watu hudhani shakwe ni ndege wa pwani tu. Wapi! Wengine huja kutaga kwenye kijisiwa cha mawe katika ziwa Kitangiri. Loyce, mtafiti wa ndege, ndiye aliyemfundisha kuwavisha makinda pete mguuni, ili wakionekana kwingine ijulikane walikotoka. Mwaka jana wawili hao walichelewa, makinda wakaruka bila pete, na Evodia akaumia mno.

"Nimewalea, wameondoka, hata sijui wameelekea wapi!"

Safari hii Loyce alikuwa kitandani na malaria, makinda yameanza kujaribu mabawa, na mwenye mtumbwi wao kaenda msibani Misigiri. Mtumbwi uliobaki ulikuwa wa Shukuru, mume wa binti yake Jenipher. Mkwe! Hapo sasa ndipo penye kazi. Kwa malezi ya Evodia, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani ovyo, wala kitu hakitoki mkono huu kwenda ule. Na mtumbwi wenyewe mwembamba!

"Mama, utaacha waruke tena?" Jenipher akamchokoza.

Evodia akajifunika kanga, akakaa mbele, akampa mkwe mgongo. Shukuru akapiga kasia. Mara akaona jiwe majini. Afanyeje? Akamwinulia macho shakwe aliyekuwa akipita juu.

"Ewe shakwe, mwambie mwenye kasia kuna jiwe!"

"Ewe shakwe," Shukuru akajibu kwa adabu zote, "mwambie mama nimeliona."

Ikawa hivyo hadi kisiwani. Lakini pete haivishwi na mtu mmoja: huyu ashike kinda, yule abane pete kwa koleo. Evodia akavua kanga ya juu, akaitundika katikati ya mawe mawili. Shukuru huku, yeye kule, na chini ya kanga vikawa vinachomoza vimiguu, kimoja baada ya kingine. Shakwe wakubwa wakapiga makelele na kuwanyea vichwani, mkwe na mama mkwe bila ubaguzi. Evodia alicheka hadi koleo likamponyoka. Nyuma ya kanga Shukuru naye akasikika anacheka.

Miezi ikapita. Siku moja Evodia anakanda unga, simu ikaita. Loyce! Kinda mmoja kaonekana Tanga, mzima, na pete yake mguuni. Evodia hata mikono hakunawa. Mbio hadi kwa Jenipher, akamkuta Shukuru uani anashona wavu, akamtazama usoni mbele ya majirani.

"Shukuru! Mtoto wetu yuko Tanga!"

Majirani wakashika midomo. Shukuru akainamisha kichwa upesi, akatafuta wa kumtuma. Shakwe hakuna. Alikuwapo kuku tu, anachakura.

"Ewe kuku," akasema, machozi yakimlengalenga, "mwambie mama, hata mimi nilikuwa namngoja."