Dawa ya Jirani, Kambi Muru

Kwa miaka nilikana kwamba nameza dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyojua kuaga. Mume wangu alipokuta pakiti moja, nilimwambia ni vitamini. Mimi, mfamasia mwenye shahada, nilishinda nikiwaambia wagonjwa kwamba dawa hizi si aibu, kisha nikaficha zangu ndani ya unga wa wimbi.

Nilianzia kliniki moja ya Kawangware. Asubuhi ya kwanza daktari mkuu alinikuta nikipanga makopo kwa alfabeti kama maktaba.

"Dada, kupanga ni rahisi," akasema. "Kazi ni kumwambia mtu asubiri."

Nyingi ya dawa hizi huifanya serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana habari nayo, ikawie kazini. Lakini ubongo hauna haraka: tumbo huchafuka kwanza, nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Mgonjwa akiwa kijana, tulimtafutia mtu wa kumwangalia, maana mwanzoni mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka.

Nilimalizia Kibera. Wiki yangu ya mwisho akaja Mama Akinyi, muuza samaki wa Kambi Muru, mtaa wa humo humo, ambaye kabla ya dawa alininong'oneza kwamba hatamani kuamka. Vidonge vyake vilikuwa vimeisha mapema.

"Vimeishaje, Mama?"

"Si nilimgawia Mama Brayo. Jirani analia, mimi nikae na dawa kama mchoyo? Chumvi tunagawana, jiko tunagawana!"

"Anameza nini kingine?"

"Zile za mgongo. Tramadol."

Nikasimama. Zikichanganywa, serotonini inaweza kuzidi mpaka mwili utetemeke na kuwaka homa, hata mtu afe. Tulimkuta Mama Brayo nyumbani kwake akitetemeka, jasho likimtiririka. Tukamkimbiza hospitali, akapona.

Sasa hofu ikawa kwa Mama Akinyi. "Hiyo ni sumu," akaniambia. "Mimi nimeacha."

Nikamweleza kwamba kuacha ghafla huleta kizunguzungu, na ile huzuni inaweza kurudi. Hupunguzwa pole pole, daktari akijua. Akajifunga leso aondoke. Elimu yangu ikaishia hapo.

"Mimi pia nazimeza," nikasema.

"Wewe? Na hayo masomo yote?"

"Masomo hayakusaidia."

Akacheka kidogo, akachukua pakiti mpya, akaenda bila kuahidi kitu.

Nikastaafu bila kujua kama alizimeza. Ninyi mnaoingia kazini leo, ulizeni mgonjwa anaishi na nani, na nani analia mlango wa pili. Mimi niliuliza uzito na umri, nikajiona mtaalamu.

Asubuhi moja, hapa kwangu Nyayo Highrise, simu ililia nikinywa chai na mume wangu.

"Daktari, sasa? Mama Akinyi hapa. Nimeamka, nimemeza yangu, naenda kuchukua samaki. Mama Brayo naye ameandikiwa zake, zile za mgongo ameacha. Na wewe, umemeza?"

Sauti yake ilijaa meza nzima. Mume wangu akaacha kutafuna mandazi.

"Bado," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Ngoja nilete dawa zangu hapa mezani."