Kumbukumbu Haitoshi

Faidha Mujibu alisimamishwa kazi kwa sababu ya maneno mawili ya Kiswahili sanifu. Silisemi hili kwa mzaha, ingawa Newala nzima bado inacheka.

Binti huyu wa Lisekese alitunza kompyuta inayosoma mizani katika ghala la korosho la chama chetu cha ushirika. Ujumbe wa kompyuta hiyo ulikuwa wa Kiingereza, naye akautafsiri wote ili mkulima auelewe. Kila alasiri, mizani ilipochomekwa upya, kompyuta iligoma. Siku hiyo meneja, Mzee Stefano, akausoma ujumbe kwa sauti mbele ya foleni: "Kumbukumbu haitoshi!"

"Imekufahamu, mtani!" akadakia mkulima mmoja wa Kiyao, mtani wa kabila la meneja. "Jana si ulitafuta miwani, nawe umeivaa?"

Foleni ikaangua kicheko. Barua ya kumsimamisha kazi ikaandikwa na kubandikwa ubaoni papo hapo: Faidha amemtukana kiongozi.

Alipokuja kuchukua bisibisi zake, alimkuta mtunza ghala akibishana na mwenye magunia.

"Shikamoo, Mama Jumanne."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mwamue huyu! Nafasi za magunia arobaini ninazo, tatu huku, tano kule. Yeye anataka thelathini yake yakae pamoja kama maharusi!"

"Yatawanye, mama. Daftari litaonyesha kila gunia lilipo..." Faidha akacheka hadi akaketi juu ya korosho za watu.

Ugonjwa ulikuwa huo huo! Asubuhi kumbukumbu ya kompyuta huwa wazi. Kufikia alasiri nafasi zipo, ila vipande vipande. Programu ya mizani, iliyomo ndani kabisa ya kiini cha mfumo, ilidai bonge moja la nafasi lisilokatika, na ikilikosa huanguka. Kabla hajaondoka, Faidha akaiandika upya: iombe vipande vidogo, na jedwali, kama daftari la ghala, liviunganishe. Kile kidogo kisichogawanyika kishikwe asubuhi, kompyuta inapowashwa.

Kesho yake alasiri mizani ilichomolewa na kuchomekwa mara kumi na moja, wakulima wakihesabu kwa vigelegele. Mara tano za mwisho alichomeka meneja mwenyewe, akirukaruka kama mwali aliyetoka unyagoni.

Hata hivyo, barua ile ingali ubaoni.

Mzee Stefano, kompyuta imeshapona. Zamu ya kukumbuka ni yako. Ibandue barua hiyo kwa mkono wako kabla mizani haijawashwa kesho, na umrudishe Faidha kazini mbele ya foleni ile ile.