Mama Aliponiachisha Ziwa

Nilipookoka nilikuwa fundi cherehani Majengo, kibarazani mwa duka la mitumba, kazi yangu kupunguza suruali za Wazungu ziwatoshe watu wa Moshi. Mwaka ule wa kwanza Mungu alinidekeza. Nikifumba macho tu kwenye maombi, machozi haya hapa, na moyo mwepesi hata nikiwa kazini naimba. Wazee wa usharika wetu kule mlimani, waliosali kwa kusoma kitabuni, niliwahurumia. Kusema kweli, niliwadharau.

Halafu machozi yakakauka. Nikafunga siku tatu, hola. Nikapiga magoti mpaka yakaota sugu, kimya. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi akaniambia nitafute dhambi niliyoificha. Nilitafuta, nikapata nyingi, nikatubu zote, na ukavu ukabaki uleule. Basi nikakasirika, na mimi nikikasirika sijui kiasi. Nikaacha maombi, nikaacha na kanisa, na Jumamosi moja nikapanda nyumbani Kirua Vunjo kumweleza mama kwamba mimi na Mungu tumemalizana.

Nilimkuta anamenya ndizi za supu ya mtori, mikono myeusi kwa utomvu. Aliipokea shikamoo yangu bila kuinua macho. Nikamwaga yote.

"Ameniacha, mama. Kama aliniita ili anitelekeze, bora asingeniita."

"Unajua nilivyokuachisha ziwa?" akauliza.

"Nitajuaje?"

"Ulikuwa mkubwa, unatembea, na chakula hutaki. Ziwa tu. Ukawa unakonda. Nikakupeleka kwa bibi yako, nikakuacha pale uani. Siku tatu ulilia na kutupa kijiko."

Hilo la kijiko nililiamini, nikacheka kidogo.

"Bibi yako alinikataza nisionekane. Lakini kila asubuhi nilikuja. Nilisimama kwenye migomba nyuma ya zizi, mimi nakuona, wewe hunioni. Maziwa yalinitoka mpaka kanga ikalowa."

Nilishikwa na hasira kana kwamba ni jana. "Ulinisikia nalia na hukutoka?"

"Ningetoka, ungekula lini?"

Akachukua ndizi nyingine. "Siku ya nne ulimaliza bakuli la mtori. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani nalia."

Miezi yote ile nilijihesabu mtoto aliyetupwa. Haikunipitia akilini kwamba anayenisikia anaweza kuwa anaumia kuliko mimi. Niliona aibu, na nilimpenda mama yangu kupita kiasi.

Kesho yake tuliongozana kanisani, nikakaa katikati ya wale wasoma kitabu. Ilipofika Sala ya Bwana nilisema "Baba yetu", nikakwama hapohapo, wengine wakaendelea. Sikuhisi chochote. Macho yalikuwa makavu kabisa. Lakini nilijua naonekana. Wenzangu walipofika kwenye "utupe leo mkate wetu", nikaungana nao.